Sanduku la mjomba: kuzitambua zana maalumu za magari ya spoti ya zamani

SWALI: Shikamoo fundi. Mjomba wangu alikuwa fundi wa magari ya spoti Nairobi tangu miaka ya sitini hadi themanini, na ametuachia sanduku la chuma lililojaa zana. Bisibisi na koleo nazijua, lakini kuna vitu vinanishinda. Kuna bamba dogo la chuma limegongwa C.3993. Kuna kabari ya mbao, nyeusi kwa mafuta, imefungwa kamba. Kuna pete ya alumini yenye kibomba cha kioo na kitu kinachoelea ndani. Mke wangu anasema ni cha hospitali. Kuna plagi yenye kioo, nyundo nzito ya shaba upande mmoja na ngozi upande wa pili, na mabomba mawili mafupi mazito yenye hesi ndani na bolti nene katikati. Kuna kipini kilichopinda chenye ukanda mwembamba kama wembe, kishada cha vipande vyenye meno kama msumeno, spana zilizoandikwa 1/4 W ambazo hazishiki nati yoyote niliyonayo, na ndoano zilizounganishwa kwa bolti ndefu. Mnunuzi wa chakavu anataka kulichukua sanduku zima kwa kilo. Nitajuaje vitu hivi ni vya nini na vya gari gani? Mpwa wa fundi, Voi.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba wa mjomba. Kabla ya yote, mwambie huyo mnunuzi wa chakavu kwamba sanduku haliuzwi. Kwenye mizani yake lile bamba dogo halifikii bei ya soda, lakini kwa mtu ambaye injini ya Jaguar yake iko wazi mezani, kazi inasimama mpaka bamba kama hilo lipatikane. Nitavipitia vitu vyako, ila si kwa mpangilio uliouandika, kwa sababu kimoja kati yake ndicho kinachofungua vingine.

Neno kubwa nililonalo kwako ni hili. Spana ya kawaida imetengenezwa ishike nati za kila gari. Zana maalumu imetengenezwa kwa ajili ya kitu kimoja, na umbo lake limechukua sura ya kitu hicho kwa kinyume: palipo na mkato kwenye gari, zana ina ulimi, palipo na hesi za nje, zana ina hesi za ndani, pembe ambayo mkono haupiti, zana imepindwa. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza kinaitwaje. Uliza kinakaa wapi. Kigeuzegeuze kwenye mwanga utafute nyuso zilizochongwa laini kuliko nyingine. Hizo ndizo zinazogusana na gari, na hizo ndizo za kupima. Sehemu zilizobaki na ukwaruzo wa kalibu au rangi ya kiwandani ni za kushikia tu. Halafu tazama palipochakaa. Makovu ya nyundo yanakuambia zana ilikuwa ikipigwa, mikwaruzo ya mviringo inakuambia ilikuwa ikizungushwa, na weusi wa mafuta ya injini uliozama ndani unakuambia kilikuwa kikiingia tumboni mwa injini.

Kusafisha ni kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, basi. Usiguse grinda, brashi ya waya ya mashine wala msasa. Geji huchongwa kwa vipimo vya sehemu ya elfu ya inchi, na dakika mbili za msasa zinatosha kuifanya kipande cha chuma kisicho na kazi. Maandishi yakiwa yamefifia, tandika karatasi nyembamba juu yake na upitishe penseli kwa ubavu; herufi zitajitokeza. Taa ya simu ikimulikwa kutoka pembeni nayo husaidia sana.

Sasa twende kwenye kile kishada cha vipande vyenye meno. Hicho ni geji ya hesi. Kila kipande kina meno ya umbali fulani, nawe unakilaza juu ya bolti mpaka upate kinachokaa bila mwanga kupenya. Tazama kwenye kifuniko chake, au kwenye kipande kimojawapo, utafute alama ya nyuzi za pembe ya meno. Ikiwa ni 55°, hiyo ni ya hesi za Whitworth, zile ambazo Joseph Whitworth alizipendekeza Uingereza mwaka 1841 na zikatawala viwanda vya huko kwa zaidi ya miaka mia. Ikiwa ni 60°, ni ya hesi za milimita au za Unified, ambazo Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana mwishoni mwa miaka ya arobaini. Ukikuta 47.5°, hiyo ni ya BA, hesi ndogondogo ambazo Waingereza walizitumia kwenye vifaa vya umeme, saa za deshibodi na kabureta. Fundi wa magari ya Kijapani peke yake hahitaji geji ya 55°. Kwa hiyo ikiwa ni 55°, kitu hicho kidogo kimeshakuambia kwamba mjomba alikuwa akishika magari ya Kiingereza, tena ya zamani, na kuanzia hapo ndicho utakachotumia kupima kila hesi iliyomo sandukuni.

Spana za 1/4 W zinathibitisha jambo hilohilo. Hazishiki nati zako kwa sababu namba yake haihusu mdomo wa spana. Kwenye mfumo wa Whitworth namba inataja unene wa bolti yenyewe, na mdomo huwa mkubwa zaidi kulingana na jedwali. Mdomo wa 1/4 W una upana wa inchi 0.525, yaani milimita 13.3. Spana ya 13 haiingii kwenye nati yake, na ya 14 inaingia lakini inateleza na kula pembe. Ndiyo maana utaona nati nyingi za magari haya zimekuwa mviringo: mtu alilazimisha. Huenda spana hizohizo zimeandikwa pia 5/16 BS upande uleule. Usidhani ni kosa, kwa sababu bolti ya BSF, ambayo ni ndugu wa Whitworth mwenye hesi za karibukaribu zaidi, ilipewa kichwa kidogo kwa kipimo kimoja. Ukikuta kwenye baadhi yake alama ya mshale mfupi mpana, hiyo ilikuwa alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na spana za namna hiyo zilitoka kwenye stoo za jeshi.

Magari yenye kuhitaji spana hizo ni kama Jaguar XK120 ya mwaka 1948 hadi 1954 na MG za mfululizo wa T. Kufikia MGB ya 1962 karibu bolti zote zimeshageuka kuwa za Unified, ambazo spana zake huandikwa AF na namba yake inataja upana wa mdomo. Na hapa nikueleze jambo ambalo limewatoa jasho mafundi wengi wazuri. Injini ya MG TC, ile ya sentimita za ujazo 1,250 inayoitwa XPAG, ina bolti za hesi za milimita zenye vichwa vya Whitworth. Sababu ni ya kihistoria. Kampuni ya Kifaransa ya Hotchkiss ilikuwa na kiwanda cha injini Coventry, mashine zake zikikata hesi za milimita. William Morris alikinunua mwaka 1923, hakuzitupa mashine, akaagiza tu vichwa vya bolti vichongwe kwa kipimo cha spana ambazo mafundi wa Uingereza walikuwa nazo mfukoni. Kwa hiyo spana ya Whitworth ikikaa vizuri kwenye nati, bado hujajua hesi zake. Pima kwa geji kabla ya kununua bolti mpya, la sivyo utaharibu bloku ambayo haipatikani.

Kuhusu namba zilizogongwa kwenye zana, kuna mambo unapaswa kuyajua ili usipoteze muda. Kwanza tenganisha namba ya zana na maandishi mengine. CHROME VANADIUM ni aina ya chuma. PAT. ikifuatwa na tarakimu ni hataza, yaani haki iliyosajiliwa ya mvumbuzi, nayo ni hazina, kwa sababu unaweza kuitafuta bure kwenye Espacenet, hifadhi ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, na mara nyingi ukaona mchoro wa kitu chako uliochorwa na mchoraji wa wakati huo. Zana ya Kijerumani yenye D.R.P. au D.R.G.M. imetokana na hataza za kabla ya vita kwisha mwaka 1945. Yenye maandishi West Germany ni ya baada ya 1949 na kabla ya 1990.

Namba ya zana yenyewe hujitambulisha kwa kichwa chake. 18G ni ya BMC, kampuni ya magari ya Uingereza, na baadaye British Leyland, kwa hiyo MG, Austin-Healey na wenzao. Ukikuta 18G 284, hiyo ni nyundo ya kuvutia, chuma kizito kinachoteleza juu ya fimbo ili kung'oa kitu kilichokwama. J au JD ni za Jaguar. Nyingi za Waingereza hao zilitengenezwa na kampuni ya Churchill, kwa hiyo jina hilo likiwa limegongwa, ujue una zana ya kiwandani na si ya kuchongwa gereji. P na tarakimu tatu ni Porsche. ST au KV ikifuatwa na msururu mrefu wa tarakimu ni Nissan, ambao magari yao wakati huo yalikuwa yakiitwa Datsun. Namba ya Toyota huanza na 09. Na ukiona 589 imekaa katikati ya namba ndefu, hiyo ni Mercedes-Benz, na tarakimu tatu za mwanzo zinataja familia ya gari au injini.

Basi C.3993. Hilo bamba ni geji ya kuwekea taimingi ya valvu za Jaguar, yaani wakati wa kufunguka na kufunga kwake, kwa injini ya XK yenye silinda sita na kamshafti mbili juu (fito zinazofungua valvu), injini iliyoanza na XK120 mwaka 1948 na kubebwa na E-Type ilipozinduliwa Geneva Machi 1961. Litazame tena kwa ile kanuni niliyokupa. Litakuwa na ulimi mmoja uliochongwa kwa usahihi na ukingo ulionyooka kabisa. Ulimi unaingia kwenye mkato ulioko mwanzoni mwa kamshafti, na ukingo unakaa juu ya uso wa silinda hedi, pale kava inapofungwa. Likikaa bila kuyumba, kamshafti iko mahali pake. Pistoni ya mbele iwe imefika juu kabisa, nayo kwa Jaguar ni namba 6 na si namba 1, kwa maana wao walianza kuhesabu kutoka nyuma. Fundi asiyejua hilo huweza kupoteza siku nzima, halafu akaunguza pesa ya mtu. Na kamshafti hizo hazizungushwi kiholela hedi ikiwa imefungwa: valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe na kupinda kabla injini haijawashwa.

Kwa kuwa bamba hilo limo, chimba pembe zote za sanduku, makopo ya tumbaku, vibiriti na matambara. Ukikuta visahani vidogo vya chuma vyenye herufi, usivitupe. Hizo ni shimu zinazokaa chini ya tapeti (vikombe vinavyosukuma valvu) za injini hiyohiyo. Herufi A ina unene wa inchi 0.085, kila herufi inayofuata inaongeza elfu moja ya inchi, mpaka Z yenye 0.110. Kwenye injini ya XK valvu hairekebishwi kwa bisibisi. Unapima nafasi, unatoa kamshafti, unabadilisha shimu kwa nyingine yenye herufi inayotakiwa, unarudisha na kupima upya. Fundi mwenye kopo la shimu zilizopangwa kwa herufi ana akiba ya kazi ya maisha yake, na kopo kama hilo ndilo huwa la kwanza kutupwa na warithi kwa kudhaniwa ni washa chakavu.

Kabari ya mbao nimefurahi kuisoma kuliko vyote, kwa sababu hiyo ndiyo ambayo mtu yeyote angeiwasha jikoni. Hiyo ni ya Datsun 240Z. Injini yake, L24 yenye silinda sita za mstari na sentimita za ujazo 2,393, ina cheni ndefu ya taimingi inayoshuka mbele ya injini kutoka kamshafti hadi krankshafti, na chini huko kuna tenshena yenye springi inayoikaza. Ukitaka kutoa silinda hedi, lazima uifungue gia ya kamshafti. Ukiifungua, cheni inalegea, tenshena inaruka kutoka mahali pake na kudondoka ndani. Hapo huirudishi mpaka ufungue uso wote wa mbele wa injini, na kazi ya asubuhi moja inakuwa ya siku kadhaa. Dawa yake ni hiyo kabari. Unaishindilia katikati ya mikono miwili ya cheni kabla ya kulegeza chochote. Inaibana cheni, na tenshena inabaki imetulia. Kamba ni ya kuitolea kazi ikiisha. Kitabu cha kiwanda chenyewe kinaagiza kifaa cha namna hiyo, kwa hiyo usione mbao ukadharau.

Thibitisha hivi: tazama mbavu mbili nyembamba za kabari. Ukiona safu ya alama ndogo zinazofuatana kwa umbali sawa, hizo ni pingili za cheni, zimegonga hapo kila mara ilipotumika. Kagua pia kama kuna mahali imeanza kuchanika, kwa maana kijiti kikimeguka na kuanguka chini huko kitakwenda kukaa kwenye mafuta. Ikiwa imechanika, itunze kama kielelezo na uchonge nyingine kwa vipimo vyake, kwa mti mgumu usiokatika nyuzi.

Wala si ajabu kwa kabari hiyo kukutwa kwenye sanduku la fundi wa Nairobi. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta na Lofty Drews. Gari lililoshinda kwenye vumbi letu watu walilitaka, na likihitaji kufunguliwa injini lilihitaji kabari.

Nyundo ya shaba na ngozi inakwenda na yale mabomba mawili mazito, ingawa hukuyaunganisha. Magari mengi ya spoti ya Kiingereza yalikuwa na rimu za spoki zinazokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) yenye meno, na kushikwa na nati moja kubwa ya katikati yenye masikio mawili au matatu. Masikio hayo hupigwa. Ukiyapiga kwa nyundo ya chuma unayavunja na kuichubua kromu, ndiyo maana nyundo ina uso wa shaba, laini kuliko nati. Upande wa ngozi ni wa vitu vya alumini na vilivyopakwa rangi. Uso wa shaba ukiwa umetapakaa pembeni kama uyoga, chonga kingo zake kwa tupa, kwa sababu vipande hukatika na kuruka machoni. Hicho ndicho kitu pekee katika sanduku ambacho nakuruhusu kukitia tupa. Kwenye rimu hizi nati ya upande wa kushoto wa gari ina hesi za kawaida, na ya upande wa kulia ina hesi za kushoto. Ukisahau, kumbuka tu kwamba nati inafunguka kwa kuzungushwa kule ambako gurudumu huzunguka gari likienda mbele. Mwaka 1968 sheria ya usalama ya Marekani ilipiga marufuku masikio kwa magari mapya ya abiria, kwa hofu ya kuumiza watu wanaopita karibu, na ndipo zikaja nati zenye pembe nane na spana yake maalumu. Ukikuta pete nzito yenye tundu la pembe nane, ndiyo hiyo.

Sasa mabomba. Ondoa bolti ya katikati, tazama hesi za ndani, pima kipenyo chake na uhesabu kwa geji zipo ngapi katika inchi moja. Nati za rimu za spoki kwa kawaida huwa na ama 8 ama 12. Ukipata mojawapo, na kipenyo kikiwa kikubwa kuliko cha bolti yoyote ya gari, basi bomba hilo linafungwa juu ya habu mahali pa ile nati yenye masikio, halafu bolti nene inasukuma ncha ya ekseli na kuivuta habu nje. Hiyo ni pula ya habu. Kwenye Jaguar E-Type habu ya nyuma imekaa juu ya ekseli kwa kubana sana, na bila pula ya namna hii watu huipiga kwa nyundo mpaka beringi zinakufa. Kabla ya kumpa mtu aitumie, safisha hesi zake na uzikague moja moja kwa mwanga. Hesi iliyopasuka kwenye pula haitoi onyo ikiwa kazini. Inaachia ghafla ikiwa imebeba nguvu za tani, na fundi yuko mbele yake.

Ile pete ya alumini si ya hospitali, ingawa namwelewa mkeo, maana nayo inapima pumzi. Ni kifaa cha kulinganisha kabureta. Magari haya yalikuwa na kabureta mbili au tatu, na 240Z yenyewe ilikuwa na mbili za Hitachi zilizofuata muundo wa SU ya Kiingereza. Kila moja inalisha silinda zake, na moja ikivuta hewa zaidi ya mwenzake injini inatetemeka, inakula mafuta, na hakuna plagi wala koili mpya itakayoiponya. Unatoa chujio za hewa, injini ikiwa na moto na ikinguruma taratibu. Unaiweka pete juu ya mdomo wa kabureta ya kwanza, kibomba cha kioo kikiwa wima, unazungusha kisahani cha katikati mpaka kielea kipande hadi kwenye mstari. Unahamia kabureta ya pili bila kugusa kisahani. Kielea kikipanda zaidi au kikibaki chini, unarekebisha skurubu ya kabureta hiyo mpaka vilingane. Kioo kikiwa na ukungu wa mafuta kielea kinanata na kukudanganya, kwa hiyo kioshe kwanza, kwa upole, maana kikivunjika kifaa kimekwisha. Jina la mtengenezaji huwa limegongwa kwenye alumini; Uni-Syn ndilo lililokuwa maarufu.

Plagi yenye kioo ni rafiki wa kifaa hicho. Inaitwa Colortune, ya kampuni ya Gunson ya Uingereza. Unatoa plagi moja, unaifunga hii mahali pake, unawasha injini na kutazama moto wenyewe ukiwaka ndani ya silinda. Ukiwa wa njano au wa rangi ya machungwa, mafuta ni mengi mno. Ukiwa wa buluu safi kama wa jiko la gesi, mchanganyiko ni sawa. Ukififia kuelekea weupe, hewa imezidi. Nimeona mafundi vijana wenye kompyuta nzuri wakisimama kimya mbele ya kitu hiki, kwa kuwa kinaonyesha moja kwa moja kile ambacho mashine inakikisia. Kifunge injini ikiwa baridi, usikikaze kwa nguvu zote, na usikanyage mafuta sana kikiwa ndani.

Kipini kilichopinda chenye ukanda mwembamba nadhani ni cha Porsche 911. Tafuta P 213. Pima ukanda kwa maikromita. Ukiwa milimita 0.10, shaka imekwisha, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi ya valvu za 911 injini ikiwa baridi, za kuingiza na za kutoa. Injini hiyo imelala ubavu kwa ubavu nyuma ya gari, na valvu zake 12 zimejificha mahali ambapo geji ya kawaida ya kupimia nafasi haipindi ikafika. Ukanda huo huvunjika au kukunjika haraka, nao hubadilishwa. Kipini ndicho cha kutunza. Porsche hawakuwahi kushinda Safari enzi zile, ingawa 911 ilimaliza ya pili mwaka 1974 na Björn Waldegård na tena 1978 na Vic Preston Jr. Leo hii, kwenye East African Safari Classic Rally iliyoanza 2003, 911 za zamani ndizo unazoziona kila upande, na kila moja ina valvu 12 zinazotaka kupimwa.

Zimebaki ndoano zenye bolti ndefu. Hizo ni za kubana springi za shokomzoba, na hizo nakuomba usimpe mtu. Springi ya gari ikibanwa imebeba nguvu za kuua, na ndoano za miaka hamsini zenye hesi zilizolika ndizo huachia. Za kisasa zinapatikana dukani na zina pini za usalama. Zifunge kwa waya, andika kwenye kipande cha karatasi kwamba si za kutumika, uziweke chini kabisa.

Kwa vitu vingine ambavyo hukuvitaja, fanya kila kimoja hivi: piga picha tatu, ya juu, ya ubavu na ya ncha, rula ikiwa kando yake, andika upana wa ndani na wa nje kwa venia, hesi na nyuzi zake, na kila herufi uliyoisoma. Funga lebo ya karatasi kwa uzi, usiandike kwa rangi juu ya chuma. Na usivitenganishe. Geji ya Jaguar peke yake ni kifaa, lakini ikiwa na shimu zake, pula zake na spana zake ni gereji nzima, na mwenye E-Type atailipia au kuikodi kwa heshima. Wenye magari hayo utawakuta kila mwaka kwenye Concours d'Elegance ya Nairobi, inayoandaliwa na wenye Alfa Romeo tangu 1970. Nenda na picha na lebo, sanduku libaki nyumbani. Mimi ningekushauri ukodishe kwanza, usiuze, mpaka uijue thamani ya kila kitu.

Jambo moja nalihitaji kutoka kwako. Jaribu yale mabomba mawili uone kama moja lina hesi za kushoto. Kama ndivyo, ni jozi ya gari moja, la kushoto na la kulia, na mjomba alizitunza zote mbili. Kama yote mawili yana hesi za kulia, basi ni ya magari mawili tofauti, na wenzake wa upande wa pili wako mahali fulani nyumbani kwa mjomba au kwenye gereji aliyofanyia kazi. Watafute kabla nyumba haijahamwa, kisha unitumie vipimo.